Agizo la Nyumba Tano

Machi inapofika ukingoni, mji wa Tendo huwa hautulii. Walimu wanahamishwa, watumishi wa mkoa wanahamishwa, na malori madogo yenye magodoro na majokofu yanapita barabarani yakikwepa marundo ya theluji chafu iliyogoma kuyeyuka. Katika mgahawa wa Matsugae msimu huo ulikuwa wa kazi nyingi, maana anayehamia mtaa mpya huwapelekea majirani soba: nyumba tatu za mbele na mbili za ubavuni, jumla tano. Soba ni tambi. Lakini katika lugha ya huko neno hilo hilo, kwa sauti ile ile, lina maana ya kando, ubavuni pa mtu. Kwa hiyo mgeni anapogonga mlango na tambi zake huwa amekwisha kusema, hata kabla hajafungua kinywa: nimekuja kando yenu, nipokeeni.

Maneno hayo Chizuru Orimo alikuwa akiyaandika kwenye vikadi vya mgahawa wao vinavyoandamana na soba hizo, tangu akiwa na miaka tisa. Sasa ana thelathini na sita, na huyaandika bila kuyasoma, kama mtu aitikiaye amina bila kuisikia dua.

Siku ile ya mwisho wa mwezi, saa nane na nusu mchana, wateja wa chakula cha mchana walikuwa wameondoka. Alibaki Tomie tu, mjane wa duka la tofu la jirani, akimalizia mchuzi wake kwa sauti kubwa.

"Leo ndiyo leo," alisema Tomie akiweka bakuli chini. "Mpima theluji wako anahama."

"Si wangu, shangazi."

"Miaka minne anakalia stuli ile ile ya dirishani. Kama si wako, basi ni wa stuli."

"Labda ni wa stuli."

"Haya, cheka. Mimi nimepita kwake asubuhi. Vitu vyote vimo kwenye maboksi. Saa kumi lori linakuja, anakwenda zake Sakata kwa mama yake. Na siku kumi na nane hajatia mguu hapa! Mlimlisha nini?"

Chizuru alichukua kitambaa akaanza kufuta kaunta ambayo ilikuwa imekwisha kufutwa.

Jibu alikuwa nalo. Walimlisha soba.

Kwa miaka minne Sohei Nagakura, mtumishi wa mkoa aliyepima kina cha theluji na mito milimani, alikuwa akiingia saa nane na nusu, viatu vimelowa, akiinama chini ya pazia la mlangoni kwa sababu ya urefu wake. Kwa miaka minne aliagiza kitu kimoja: tambi za Kichina ndani ya mchuzi wa soba, na vipande vya kuku juu yake. Hakuwa mtu wa maneno. Angesema, "Leo huko juu ni mita tatu na robo," naye Chizuru angejibu, "Pole, lazima miguu inauma," na hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yao. Lakini Chizuru akipeleka bakuli, macho yao yalikuwa yakikutana juu ya ule mvuke, na mwanamke huyu aliyekuwa akilala peke yake chumba cha juu, akisikiliza baba yake akikohoa chini, alikuwa akiyabeba macho hayo mpaka kesho yake.

Halafu ikaja ile siku ya tarehe kumi na tatu. Aliingia, akakaa, akaweka mikono yote miwili juu ya kaunta kama mwanafunzi anayengoja matokeo.

"Utakula nini leo, Bwana Nagakura?" Chizuru aliuliza kwa mazoea tu.

Alikaa kimya muda mrefu. Masikio yake yalikuwa mekundu. Kisha akasema, "Soba. Mimi ninachotaka ni soba."

Jinsi moyo wa Chizuru ulivyoruka! Maana soba ya pale alikuwa akiikanda yeye mwenyewe tangu mikono ya baba yake ilipoanza kutetemeka, na mtu huyu hakuwahi kuionja. Aligeuka akaita jikoni kwa sauti ya furaha, "Soba moja!" Akaileta juu ya trei ya mianzi, imepangwa vizuri, inang'aa. Sohei aliitazama sana. Akaila yote. Akainamisha kichwa, akaondoka, na hakurudi.

Tangu siku hiyo Chizuru aliamka saa kumi na moja alfajiri akabadilisha maji, akabadilisha kipimo cha unga, akasukuma donge kwa kifimbo mpaka mabega yakawaka moto. Kila asubuhi, kabla ya kufungua, alipeleka kikombe cha kwanza cha mchuzi mbele ya picha ya marehemu mama yake, akawasha ubani, akafumba macho na kuomba: *Mama, nionyeshe kosa langu liko wapi.* Hakuomba kingine. Aliona haya kuomba kingine.

"Binti, utaitoboa hiyo kaunta," alisema Tomie akisimama. Akavaa koti lake, akafungua mlango, kisha akarudisha kichwa ndani na kunong'ona kwa sauti ambayo hata kinyozi wa ng'ambo ya barabara angeisikia: "Anakuja!"

Sohei aliinama chini ya pazia. Alikuwa amevaa koti safi, si lile la kazini, na mkononi alishika boksi la keki za maharage lililofungwa kwa karatasi ya kuagia.

"Samahani. Najua mnakaribia kupumzika," alisema.

"Hapana, karibu. Karibu sana."

Alikaa kwenye stuli yake. Akalisukuma boksi juu ya kaunta kwa mikono miwili. "Ni kitu kidogo tu. Mmenitunza kwa miaka minne."

"Hukupaswa kujisumbua."

"Ni kidogo tu."

Jikoni, nyuma ya Chizuru, kulikuwa na trei ya soba ya asubuhi ile, bora kuliko zote alizowahi kukanda maishani mwake. Chizuru alishusha pumzi. "Utakula nini, Bwana Nagakura?"

Aliomba kimoyomoyo aseme soba. Akisema soba, basi kosa lile litafutika, naye ataondoka na ladha njema mdomoni.

Sohei alitazama dirishani, kwenye rundo la theluji lililokuwa likidondoka matone. "Tambi za kuku," alisema. "Kama zamani."

Kama angempiga kofi, labda isingeuma hivyo. *Ameikataa*, Chizuru aliwaza. *Hata leo hataki kuionja tena.* Akaita jikoni kwa sauti isiyotetemeka, na baba yake, mzee Kinzo, akaitikia, "Haya, kuku moja."

Sohei alikula polepole. Mara mbili aliinua macho na mara mbili Chizuru akashusha yake. Saa ya ukutani iligonga.

"Sakata kuna upepo," Chizuru alisema hatimaye.

"Kuna upepo, ndiyo. Theluji haidumu, inapeperushwa."

"Basi hutakuwa na cha kupima."

Alitabasamu kidogo. "Nitapima mito. Na jioni kuna miti ya mama. Mapeasi."

"Ni mingi?"

"Miti mia mbili. Na mimi ndiye mtoto wake pekee."

Ikaisha hapo. Alikunywa mchuzi mpaka tone la mwisho, akafuta mdomo, akasimama. Mlangoni aligeuka, akafungua kinywa, na Chizuru alimwona wazi mtu mwenye neno kooni. Lakini neno lililotoka lilikuwa, "Mchuzi wenu ulinipasha moto."

Na yeye, kwa mazoea ya maisha yake yote kwenye kaunta, akajibu vile anavyomjibu kila mteja anayetoka: "Asante, karibu tena!"

Karibu tena! Kwa mtu asiyerudi! Mlango ulipofungwa alitamani ulimi wake ukatwe.

*

Alishusha pazia la mlangoni, akalikunja, akaingia jikoni. Mzee Kinzo alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, mikono yake inayotetemeka ameibana katikati ya magoti. Chizuru alichukua bakuli kubwa la kukandia, lile jekundu lililokuwa la mama yake, akaanza kulifunga kwenye gazeti.

"Unafanya nini, Chizu?"

"Kesho nitapiga simu kiwandani. Watuletee soba ya mashine."

"Nini?"

"Yangu haifai, Baba. Mtu mmoja aliionja mara moja akatoroka siku kumi na nane. Leo amerudi kuaga na hakuthubutu kuigusa. Wengine wananyamaza tu kwa adabu."

"Soba yako haina kosa."

"Baba, usinibembeleze."

"Nimekanda miaka arobaini na tano! Nikisema haina kosa, haina kosa. Ile ya siku ile ilikuwa bora kuliko yangu nilipokuwa na mikono."

"Basi kwa nini hakurudi?"

Sufuria kubwa ilikuwa ikichemka, na kifuniko kikigonga taratibu. Mungu amempa binadamu masikio mawili, lakini hakumlazimisha kuyatumia, na wala hakumlazimisha kusema alichosikia. Mzee Kinzo alikuwa amekaa na alichosikia kwa siku kumi na nane.

"Kwa sababu hakuagiza tambi," alisema.

"Aliagiza. Alisema soba."

"Alisema soba, ndiyo. Chizu, unaandika nini kwenye vile vikadi?"

Mikono ya Chizuru ilisimama juu ya gazeti. *Nimekuja soba yenu.* Nimekuja kando yenu. Alikumbuka ile mikono miwili juu ya kaunta. Alikumbuka masikio mekundu. *Mimi ninachotaka ni soba.* Ninachotaka ni kuwa ubavuni pako. Na yeye, mwuza tambi, binti wa mwuza tambi, akageuka kwa furaha akapaza sauti: Soba moja!

Alilisukuma gazeti kando. Akashika ukingo wa meza.

"Ulijua," alisema.

"Nilikuwa nyuma ya dirisha hili. Nilisikia ukimya wake kabla hajasema. Mtu anayetaka tambi hanyamazi vile."

"Ulijua, na ukaniona nikiamka alfajiri kila siku. Ukaniona nikimwaga unga."

"Nilikuona."

"Siku kumi na nane, Baba!"

"Ningesema nini?" Mzee alipandisha sauti, kisha ikakatika. "Ni mtoto wa pekee. Ana miti mia mbili inamngoja. Mimi nilimwahidi mama yako kwamba atakuja mkwe wa kuingia nyumba hii, abebe jina la Orimo, moto huu usizimike. Yule hawezi kuingia. Yule angekutoa. Na mimi ningebaki hapa na sufuria, nikiita 'Haya!' na hakuna aliyeniagiza."

Chizuru alimtazama. Alitaka kukasirika, na hasira ilikuja kweli, lakini ilipofika kooni ilikutana na sura ya mzee aliyekalia ndoo, ikashindwa kupita. Aliona wazi kwamba katika nyumba ile walikuwa wakiishi watu wapweke wawili, kila mmoja akimficha mwenzake upweke wake ili asimlemee.

Alivua aproni. Kisha akaivaa tena.

"Lori ni saa kumi," alisema.

Mzee Kinzo aliinuka kwa shida. Akafunua sufuria, mvuke ukamfunika uso. "Basi usisimame. Tia tambi. Hesabu sekunde hamsini na tano, usizidishe. Zikitembea barabarani zinalegea."

*

Chumba cha Sohei kilikuwa ghorofani, juu ya duka la vyombo vya udongo kando ya mfereji. Chizuru alipanda ngazi na viatu vya mpira vya jikoni, sanduku la kupelekea chakula likigonga goti lake. Mlango ulikuwa wazi. Ndani hakukuwa na kitu ila mikeka sakafuni, ufagio, na Sohei.

Alisimama na ufagio mkononi kama mlinzi aliyesahau anachokilinda.

"Bi Chizuru?"

"Nimeleta soba."

"Samahani... mimi sikuagiza."

"Uliagiza. Siku kumi na nane zilizopita." Alishindwa kumtazama, akalitazama sanduku. "Ila nilikuletea nyingine, siyo ile."

Chini mferejini maji ya theluji yalikuwa yakipita kwa kelele. Ufagio uliteleza ukaanguka, wala hakuna aliyeuokota.

"Nilidhani umenijibu," Sohei alisema polepole.

"Nilikujibu nini?"

"Kwamba hapana. Kwa upole. Nilisema moyoni, mwanamke huyu ana heshima. Amejifanya hakusikia ili nisiaibike mbele ya baba yake. Basi nikala jibu langu, sikubakisha hata uzi mmoja."

"Lilikuwa na ladha gani?"

"Tamu. Ndiyo maana liliniuma."

Chizuru alicheka, na kicheko kikageuka machozi katikati ya njia. Akapiga magoti haraka, akafungua sanduku ili mikono ipate la kufanya. Trei, kikombe cha mchuzi wa kuchovya, vitunguu. Na vijiti vya kulia, jozi moja. Katika haraka yake alileta jozi moja tu.

"Kula," alisema. "Zitalegea."

Hakukuwa na meza, wala mahali pa kukaa wakitazamana. Walikaa sakafuni wakiegemea ukuta, bega kwa bega. Miaka minne kaunta ilikuwa katikati yao. Chizuru alikuwa akimjua kwa mbele tu, kama mtu anavyoijua picha. Sasa aliona kwamba chini ya sikio lake la kushoto kulikuwa na kovu dogo jeupe, na kwamba shingoni alikuwa ameungua na jua la milimani. Aliyatazama hayo yote kwa pupa. Alijua hana muda.

Sohei alikula nusu, akampa vijiti. Chizuru akala nusu iliyobaki. Ilikuwa soba nzuri. Baba yake alisema kweli.

"Nimemwambia mama habari zako," alisema Sohei.

"Akasemaje?"

"Alisema, 'Mwanamke wa kaunta? Makasi ya kupogolea anayajua?' Nikamwambia hayajui, na hatakuja kuyajua, kwa sababu ana baba. Mama akakata simu. Baadaye akapiga tena akaniambia nirudi nyumbani. Ana miaka sabini na nne. Mwaka huu nusu ya miti haijapogolewa."

"Na mimi siwezi kumwacha Baba."

"Najua. Sikukusudia kukuomba umwache."

"Basi tumekaa hapa kuambiana kwamba haiwezekani."

Honi ililia chini, na sauti ya dereva ikapanda ngazi: "Bwana Nagakura! Barabara ya Gassan inaganda jua likizama, twende tuwahi!"

"Nakuja!" Lakini hakuinuka. Alikuwa akitazama mfuko wa aproni ya Chizuru, ambako kalamu na kitabu cha maagizo vilichungulia. "Mgahawa wenu," alisema, na masikio yake yakaanza tena kuwa mekundu, "bado mnapokea maagizo ya soba ya kuhamia?"

"Ndiyo kazi yetu."

"Basi naomba niagize. Nyumba tano."

Chizuru alifikiri anataka majirani wa Sakata. Alitoa kitabu na kalamu, akajikaza. Mteja akiagiza, huandikiwa. "Nitajie."

"Duka la tofu la Bi Tomie."

Aliandika. Kisha kalamu ikasita.

"Dobi, upande wa pili," aliendelea Sohei. "Halafu ng'ambo ya barabara: kinyozi, fundi miavuli, na mwalimu mstaafu mwenye yule mbwa mkali."

Mbili za ubavuni, tatu za mbele. Chizuru aliziandika moja moja. Nyumba hizo tano zilizunguka nyumba moja tu hapa duniani, nayo ilikuwa na pazia la Matsugae mlangoni.

"Jina la anayehamia?" alinong'ona.

"Sohei."

"Na jina la ukoo?"

"Hapo paache wazi."

Hakuweza kuona karatasi vizuri. "Tarehe?"

"Hiyo sina." Sauti yake ilishuka. "Sitaki kukudanganya. Mama sharti akubali kwanza, au nimpate mtu wa kuitunza miti, na sijui ni kipi kigumu zaidi. Labda vuli. Labda miaka mitatu. Labda utachoka, na ukichoka uichane karatasi hiyo, sitalalamika."

"Agizo lisilo na tarehe hatulipokei," alisema Chizuru. Ndivyo ilivyokuwa kanuni ya nyumba yao tangu enzi za babu.

Sohei aliinamisha kichwa.

"Lakini hili nimekwisha kuliandika kwa wino," alisema Chizuru, akaing'oa karatasi ile kitabuni taratibu, akaikunja, akaitia kifuani.

Honi ililia tena. Walisimama. Hakumshika mkono, wala Chizuru hakumwomba; mlango ulikuwa wazi na dereva anapanda. Sohei aliinama, akainama zaidi kuliko anavyoinama mtu chini ya pazia, na alipoinuka macho yake yalikuwa yamelowa. Chizuru alitafuta neno la kumpa. Akalipata lile lile la asubuhi na mchana na jioni, lile alilolijutia, na safari hii akalisema kila silabi akiisikia:

"Karibu tena."

*

Alirudi na sanduku tupu. Njiani lori lilimpita. Hakuinua mkono, alisimama tu mpaka lilipokata kona ya daraja. Jua lilikuwa bado juu ya milima, na hewa ilianza kuuma.

Saa kumi na moja alitundika pazia la mlangoni. Kabla ya hapo alikuwa amepita mbele ya picha ya mama yake, akafumba macho kitambo. Aliomba kingine sasa, bila haya. Akaingia jikoni, akachukua ile karatasi kifuani, akaichomeka kwenye msumari pamoja na maagizo mengine ya juma lile, juu ya jiko.

Mzee Kinzo aliendelea kukata vitunguu kwa namna yake mpya, polepole, kisu kikigonga mara mbili palipohitaji mara moja.

Mteja wa kwanza alikuwa karani wa posta. Wa pili na wa tatu wakaja pamoja wakibishana. Chizuru aliwapelekea maji, glasi moja, mbili, tatu, na ya nne akaiweka dirishani, mbele ya stuli isiyo na mtu. Aliitazama glasi ile kwa muda. Hakuiondoa.

Aliporudi kwenye dirisha la jikoni kupokea trei, alimkuta baba yake amesimama chini ya msumari, miwani ameipandisha kwenye paji la uso, ile karatasi mkononi. Midomo yake ilikuwa ikisogea. Tomie. Dobi. Kinyozi. Alipofika ya tano akarudi mwanzo akasoma tena.

"Jina la ukoo halipo," alisema.

"Ameliacha wazi."

"Na tarehe?"

"Hajasema, Baba."

Mkono wa mzee ulitetemeka, na karatasi ikatetemeka nayo, karibu kabisa na moto. Chizuru alitaka kunyoosha mkono ainyakue. Hakufanya hivyo. Nyumba ilikuwa ya baba yake, na jina lililoachiwa nafasi kwenye karatasi ile lilikuwa la baba yake.

Mzee Kinzo alivuta ile ndoo kwa mguu, akaigeuza, akapanda juu yake, mkono mmoja umeshika rafu. Palikuwa na msumari mwingine huko juu karibu na dari, ambao zamani ulitundikiwa kalenda ya mama. Alijaribu mara tatu ndipo karatasi ikaingia.

"Pale chini kuna mvuke," alisema, bila kugeuka. "Wino ungefutika kabla hajafika."

Akashuka, akafuta mikono, akafunua sufuria.

"Haya, wale wawili wanaobishana wanakula nini?"